Cheburashka Hauzwi, Lipia Hapa

Wacha niseme mapema: sina ubaya na Cheburashka. Ni kajamaa kadogo ka masikio makubwa, kanapenda machungwa, na ukikaangalia dakika mbili tu unataka kukabeba nyumbani. Shida yangu inaanzia hapo kwa kukabeba nyumbani.

Filamu ya Dmitry Dyachenko, Cheburashka, ilitoka Urusi tarehe 1 Januari 2023 na ikaingiza zaidi ya rubli bilioni 6. Hakuna filamu ya Kirusi iliyokuwa imefika hapo. Ndani yake kuna Sonya, mjukuu wa mama tajiri mwenye kiwanda cha chokoleti. Sonya akimwona Cheburashka anamtaka, kama mwanasesere, na nyanya yake yuko tayari kumpata kwa vyovyote. Sisi watazamaji tunaombwa tukasirike: kiumbe hai si bidhaa! Sawa, nimekasirika. Halafu mtoto anatoka sinema, anakuta Cheburashka wa manyoya dukani, ana bei shingoni. Ati sasa Sonya alikosea nini?

Linganisha na katuni ya Roman Kachanov ya 1969. Gena ni mamba, na kazi yake katika bustani ya wanyama ni kuwa mamba. Zamu ikiisha anarudi nyumbani kucheza chesi peke yake, hadi anachoka na kubandika matangazo mjini akitafuta marafiki. Cheburashka naye kaletwa na sanduku la machungwa. Bustani ya wanyama inamkataa kwa sababu hakuna anayejua ni mnyama gani, anaishia kulala kwenye kibanda cha simu. Dawa ya upweke wao? Wanakusanyana na wapweke wengine, wanajenga nyumba kwa mikono yao.

Mwaka 2023 Gena amekuwa binadamu, mzee mtunza bustani aliyekosana na bintiye. Binti ana duka dogo la chokoleti. Kwa hivyo wema una duka, ubaya una kiwanda, na wote wanauza chokoleti. Upeo wa ndoto umekuwa mdogo hivyo.

Najua utaniambia za Kisovieti zilikuwa na propaganda. Zilikuwa nayo, tena tele, na siililii serikali ile. Lakini propaganda ya duka ni propaganda pia, tena hii unajilipia tiketi.

Usiniambie pia kwamba ni tabia ya Warusi. Dyachenko huyu huyu ndiye aliyeongoza Posledniy bogatyr ya 2017, hekaya za Kirusi zilizotengenezwa na Disney. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuvamia Ukraine, Disney na studio nyingine kubwa za Hollywood zikasimamisha filamu zao huko. Kumbi zikabaki na pengo, hekaya za nyumbani zikalijaza. Kampuni iliondoka, kalibu ikabaki.

Kinachoniuma ni mtoto. Anafundishwa kwa karibu saa mbili kwamba upendo haununuliwi, kisha mlangoni anafundishwa namna ya kuununua. Anajua somo gani ni la kweli, kwa sababu ni lile mzazi alilotolea pesa.

Ukiipata, itazame na mdogo wako. Mkimaliza, mwulize ni nani alikuwa mbaya. Akisema ni Sonya, mwulize tena: na sisi je?