Msiing'oe henzirani

Mwandishi wa makala ya viti, umewasahau mafundi wetu. Huku Tunduma kiti cha henzirani kikilegea kidogo tu, utaambiwa king'olewe kipigiliwe plaiwudi, juu sponji. Haraka ya nini? Kama nyuzi hazijakatika, kigeuze, lowesha upande wa chini kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, kisha kiache kivulini usiku kucha bila kukaliwa. Juu kuna ganda linalong'aa, halinywi maji. Chini ndiko yanakoingia, na ukikauka msuko unajikaza wenyewe. Viti vya enzi vya Lamu vya karne ya 19 navyo vilisukwa kalio na mgongo kwa nyuzi, na hakuna anayevipigilia plaiwudi makumbusho. Kiti cha kwenye picha ya makala yako, nyuzi zimekatika au zimelegea tu?