Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam Kuhusu Gesi ya Dampo la Pugu

Ndugu Mkurugenzi,

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulalamikia moshi, nzi na harufu ya dampo, wakapewa haki yao. Taka zikahamia Vingunguti, mwaka 2001 zikapelekwa Mtoni, na 2007 zikaletwa Pugu Kinyamwezi. Kila tulipohama tumeacha nyuma mlima unaooza.

Mlima huo hautulii. Mabaki ya chakula yakifukiwa pasipo hewa hutoa gesi ambayo karibu nusu yake ni methani, na kwa kipimo cha miaka 20 methani hunasa joto takriban mara 80 zaidi ya kaboni dayoksaidi. Ikivutwa kwa mabomba, gesi hiyohiyo huendesha jenereta. Durban, Afrika Kusini, walifanya hivyo kwanza kwenye dampo la Mariannhill, kisha la Bisasar Road. Lakini majirani wa Bisasar Road, waliopigania dampo lao lifungwe, waliona mradi wa gesi ukigeuzwa sababu ya kuliacha wazi. Watu wa Pugu wasifanyiwe hivyo.

Nasi tuna historia yetu. Mradi wa kuvuta gesi Mtoni ulisajiliwa mwaka 2007 chini ya Itifaki ya Kyoto. Naomba hesabu zake ziwekwe hadharani: gesi kiasi gani ilikusanywa, umeme kiasi gani ulipatikana, mapato yalitumikaje. Ahadi yoyote kuhusu Pugu tutaipima kwa hesabu hizo.

Watakuja pia wauzaji wa mitambo ya kuchoma taka, wakitaja ule wa Reppie, Addis Ababa, uliozinduliwa 2018. Tafadhali usiharakishe kusaini. Taka zetu nyingi ni mbichi: maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya ugali, nyanya na mchicha uliooza katika masoko ya Buguruni na Ilala. Ukizichoma, sehemu kubwa ya joto inaishia kukausha maji. Katika mtambo wa baiogesi unyevu huohuo ni faida, na kinachobaki ni mbolea. Mkakati wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Shule zenye majiko ya kuni zinazoweza kutumia gesi hiyo zipo, na taka za sokoni zipo kila alfajiri.

Anza na soko moja. Taka za chakula ziwe na pipa lake na gari lake, zisichanganywe na plastiki hata kidogo, maana hapo ndipo miradi ya namna hii huharibika. Waokotaji wa Pugu, ambao ndio wanaochambua taka za jiji hili kwa mikono yao, wawemo kwenye mkataba kwa ujira na vifaa vya kujikinga, kabla mwekezaji hajafika.

Pugu yenyewe haiwezi kungoja soko. Agosti 2024 dampo la Kiteezi, Kampala, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tunaomba miteremko ikaguliwe na gesi ipimwe kabla ya masika, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa.

Mkazi wa Ilala