Furu ya umeme imefika Butembo, Manguredjipa ingali inaoka kwa kuni

Kwenye magazini za Butembo, kati ya friji na mashini za kufulia, siku hizi unakuta pia furu za umeme za kujengea ndani ya kabati ya jikoni. Mlango wa kioo, vitufe viwili au vitatu vya kuzungusha, na nyuma kibandiko kinachosema wati 2,500 ao 3,000. Zinashuka na makontena kutoka Dubai na China, zinapitia Mombasa na Kasindi, njia ile ile ambayo wafanyabiashara wa Butembo wanapitishia karibu kila kitu. Mwenye nyumba mpya anainunua, seremala anaikatia nafasi kati ya mbao, na jiko linapendeza. Kisha, katika nyumba zaidi ya moja, inageuka kuwa mahali pa kuwekea sufuria.

Chombo chenyewe si kibaya. Furu hii (wengine wanasema tanuri, lakini kwetu neno ni furu, hata ile ya matofali) inafanya kazi ambayo mbabula haiwezi. Ina chuma cha moto chini na kingine juu, na kipimo cha ndani kinachokata umeme joto likifika, kisha kinaurudisha likianza kushuka. Keki inataka nyuzi 170 ao 180. Mkate unataka 200 hadi 230. Kuku mzima wa kubanika anatosheka na karibu 190, kwa saa moja na kitu. Mama anayejua kazi anaweka kuku juu na viazi vya Masereka chini, mafuta ya kuku yanadondokea viazi, na hakuna mtoto anayekohoa moshi.

Shida iko kwenye ile namba ya nyuma. Wati 3,000 kwa umeme wa volti 220 ni karibu ampea 14 zinazopita mfululizo ndani ya waya mmoja. Nyumba nyingi za huku zilivutiwa waya kwa ajili ya taa, televizyo na kuchaji simu. Ukiichomeka furu kwenye priza ya kawaida, ao mbaya zaidi kwenye ralonje, waya unapata joto ndani ya ukuta mbele mkate haujapata lake. Fundi mwaminifu atakataa. Ataomba furu ipewe waya wake peke yake, wa milimita 2.5 za mraba kwa uchache, unaotoka moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme, pamoja na kifaa chake cha kukata umeme na waya wa udongo. Ataomba pia kabati iachiwe nafasi ya hewa nyuma. Kazi hiyo inaongeza pesa juu ya bei ya furu, na ndiyo watu wanairuka.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Umeme wa mtaa haukai kwenye volti 220 siku nzima. Jioni, kila mtu anapowasha, unashuka, na anayekaa mwisho wa laini anaona taa yake inakuwa nyekundu. Taa nyekundu bado ni taa. Kwa furu, hesabu ni kali zaidi: umeme ukishuka hadi volti 160, nguvu ya furu haishuki kwa robo, inashuka karibu nusu. Furu ya wati 3,000 inabaki na kama 1,600. Hapo mkate unakaa ndani saa nzima, unakauka mbele haujapata rangi, na mama analaumu levire ao unga wa ngano. Kabla ya kubadilisha unga, afadhali amuite fundi mwenye kipimo cha volti, saa ile ile anayooka, si saa nne asubuhi wakati laini imepumzika.

Na wenye sola? Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, ile inayoangaza nyumba usiku mzima, ina karibu wati-saa 1,200. Furu ya wati 3,000 ingeimaliza kwa dakika 24, hiyo ni hesabu ya karatasi tu. Kwa kweli betri na kigeuza-umeme vingeshindwa mapema zaidi. Gurupu ndogo ya esansi ya wati 600 ao 700 inazima palepale. Gurupu kubwa ya mazutu inaweza, lakini litre moja ya mazutu inatoa karibu kilowati-saa 3 kama gurupu ni nzima, na kupasha furu ya nyumbani kisha kuoka mikate minne ao mitano kunakula karibu 2. Mtu apige hesabu mwenyewe kwa bei ya mazutu ya siku hiyo, mkate utakuwa wa sherehe.

Kwa hiyo swali la furu linarudi mpaka kwenye maporomoko ya maji. Butembo ni muji mkubwa uliokua pasipo laini ya SNEL. Katika miaka ya 1990 wafanyabiashara walichanga pesa ndani ya SENOKI ili muji ujipatie umeme wake wenyewe, na ndoto ile haikufika mahali ilipotakiwa kufika. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa sita 2014 ilifungua mlango kwa makampuni ya binafsi, na leo ENK inauza umeme Butembo. Upande wa Hifadhi ya Virunga, mtambo wa kwanza ulijengwa Mutwanga, chini ya mlima Rwenzori, ukiwa na karibu kilowati 400. Ule wa Matebe, huko Rutshuru, ulizinduliwa mwezi wa kumi na mbili 2015 na una zaidi ya megawati 13. Baadaye ukafuata wa Luviro, katika wilaya ya Lubero.

Namba hizo zinaonekana kubwa mpaka uzigawanye kwa furu. Mtambo wa kwanza wa Mutwanga ungeweza kuwasha furu kama 130 kwa wakati mmoja, na taa zote zingine zizimwe. Matebe nzima, furu elfu nne na kitu. Butembo ina wakaaji mamia ya maelfu. Hakuna muji hapa Kivu ya Kaskazini ambao unaweza leo kuahidi kila jiko furu yake, na makampuni ya umeme yanajua hivyo. Swali la haki ni hili: kilowati chache zilizopo, zipelekwe kwanza wapi? Kwenye kabati la nyumba moja inayobanika kuku siku ya mungu, ao kwenye bulanjeri inayolisha mtaa mzima? Ni vigumu kuona namna ya kutetea jibu la kwanza.

Mutwanga yenyewe inaonyesha kile ambacho joto la umeme linaweza kufanya likiwekwa pahali pa kazi. Kakao inayolimwa kuzunguka Beni na mpaka upande wa Bapere inatoka karibu yote ikiwa imekaushwa tu, ndani ya mifuko, kuelekea Uganda. Huko Mutwanga, umeme wa maji uliwezesha kufunguliwa kwa kiwanda cha chokoleti. Ndani yake kazi ya kwanza ni kukaanga mbegu: nyuzi 120 hadi 140, bila kuruka juu wala kushuka, maana dakika chache za ziada zinaunguza harufu yote na mfuko mzima unapotea. Kazi kama hiyo moto wa kuni unaifanya kwa shida. Ni furu pia, ila hii inaongeza bei ya kitu ambacho mkulima alikuwa anakitoa kikiwa nusu.

Sasa tutoke mujini tuelekee magharibi. Manguredjipa iko karibu kilomita 100 kutoka Butembo, ndani ya sekta ya Bapere, baada ya Njiapanda. Huko hakuna laini ya umeme ya kuchomeka furu. Mkate unaokwa ndani ya furu ya matofali na udongo: moto unawashwa ndani yenyewe mpaka matofali yanyonye joto, makaa yanafagiliwa nje, mikate inaingizwa kwa ubao mrefu, mlango unazibwa. Wazungu wa vitabu wangeita hiyo teknolojia ya zamani. Lakini moto mmoja unaoka mikate zaidi ya mia, na joto linalobaki linatosha keki, na baadaye mihogo. Hakuna furu ya kujengea ndani ya kabati inayofikia hapo.

Ugumu wa furu ya matofali ni kuni, na ugumu wa kuni leo ni msitu. Tangu 2024 waasi wa ADF, wakisukumwa na operesheni za FARDC na UPDF zilizoanza mwishoni mwa 2021 upande wa Beni na Ituri, wamesogea ndani ya Bapere. Usiku wa tarehe 8 mwezi wa tisa 2025, huko Ntoyo, karibu na Manguredjipa, waliua watu zaidi ya 60 waliokuwa kwenye kilio. Tangu mashambulizi hayo, kwenda kutafuta kuni ao kuchoma makala kumekuwa kazi ya kuhesabu roho. Unga wa ngano nao unatoka Butembo kwa pikipiki, pamoja na chumvi na sukari. Barabara ikifungwa siku tatu, furu inapoa. Miradi ya barabara ambayo marais Tshisekedi na Museveni walizindua mwezi wa sita 2021 ilitaja Kasindi–Beni, Beni–Butembo na Bunagana–Rutshuru–Goma. Ya Manguredjipa haikuwamo.

Matokeo yake yanaonekana Butembo. Kati ya familia zilizohama kutoka Bapere mna mama waliokuwa wanaishi kwa mkate. Wanafika wakiwa na ujuzi mikononi na bila furu, ndani ya muji ambamo kila kuni inanunuliwa. Wengi wanaanguka kwenye mandazi, maana mandazi yanataka karayi moja na mbabula tu, na faida ni ndogo kwa sababu wauzaji ni wengi. Na nyuma ya ukuta wa pili pengine kuna furu ya wati 3,000 imejaa sufuria.

Kuna njia ambayo haitaki mfadhili mkubwa: furu ya pamoja. Kinachokula umeme zaidi ni kupasha furu ikiwa baridi. Mikate ya kwanza inalipia joto la ukuta wa chuma. Ya pili na ya tatu inalipia kidogo sana. Mama wanne wakifuatana bila kuacha furu ipoe, bila kufungua mlango kila dakika kuchungulia, wakizima dakika tano mbele ya mwisho ili joto lililobaki limalize kazi, wanatumia umeme pungufu sana kuliko kila mmoja na siku yake. Mita iliyosomwa mwanzo na mwisho inamaliza ubishi wa nani alipe ngapi. Kwa Manguredjipa, watu wakirudi, njia ya karibu ni furu ya matofali yenye ukuta mnene na mlango unaofunga vizuri, ambayo inakula kuni kidogo, na mbele zaidi mtambo mdogo kwenye moja ya mito ya Bapere. Maji yapo. Lakini hakuna fundi atakayepandisha turbini pahali ambapo hata mwenye kuni hafiki.

Makampuni ya umeme nayo yana kitu wanachoweza kufanya bila kujenga chochote. Usiku wa manane mto unaendelea kutiririka, mtambo unazunguka, na muji umelala. Volti zinapanda mpaka pale zinapotakiwa. Ndiyo saa mwoka mkate anaamka, ili mkate uwe tayari saa kumi na moja. Bei ya usiku kwa wenye bulanjeri ndogo na vikundi vya mama ingetumia umeme ambao hauna mwingine anayeuhitaji. Ila mwanamke anayetoka saa nane ya usiku kwenda kwenye furu ya pamoja, katika muji ulio chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, lazima kwanza ajue nani atamkuta njiani. Kwa sasa vikundi vingi vingelazimika kulala palepale penye furu, na watoto wao.