Mgeni wa Siku Mbili Mombasa Alale Kisiwani

Shule zikifungwa, familia nyingi za bara huanza kupanga safari ya Mombasa, na mipango hiyo huanza na picha: bwawa la kuogelea, minazi, mchanga mweupe, kitanda kilichotandikwa shuka jeupe na kurembwa kwa maua. Hoteli hulipiwa kwanza. Iko upande gani wa mji, hilo huja kuulizwa baadaye. Anayekwenda kukaa wiki nzima hapotezi mengi kwa kupanga hivyo. Anayeingia Ijumaa na kuondoka Jumapili hupoteza nusu ya likizo yake barabarani.

Mgeni wa siku mbili anafaa kulala kisiwani, Mji wa Kale au mitaa ya jirani, na ufukweni aende mchana. Ushauri huu unapingana na mazoea ya miaka mingi, maana kwa watu wengi kwenda Mombasa maana yake ni kulala mahali ambapo ukifungua dirisha unaiona bahari. Lakini Mombasa ina umbo lake, na umbo hilo halibadilishwi na tangazo la hoteli.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 14 hivi, na bahari imekizunguka. Magharibi watu huvuka daraja la Makupa kuelekea Changamwe, uwanja wa ndege wa Moi na stesheni ya Miritini inayopokea treni za Madaraka Express tangu mwaka 2017. Kaskazini kuna daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya daraja la zamani lililoelea juu ya maji. Kusini, Likoni, bado ni feri. Fukwe ambazo wageni huziona kwenye picha haziko kisiwani hata moja. Nyali, Bamburi na Shanzu ziko ng'ambo ya daraja. Mtwapa iko mbele zaidi, tayari ni Kaunti ya Kilifi. Diani iko Kwale, kilomita 30 hivi kusini. Malindi, ambayo nayo huuzwa kwa jina la Mombasa, iko umbali wa kilomita 120.

Sasa atazamwe abiria aliyepanda treni ya asubuhi Syokimau saa mbili. Anashuka Miritini mchana, anatafuta gari, anaingia kwenye barabara ya malori ya bandarini. Akiwa amepanga Shanzu, bado ana mji mzima wa kuupita, na huenda akafika daraja la Nyali wakati ule ule wafanyakazi wa mjini wanapotoka kazini kurudi Kisauni, Bamburi na Mtwapa. Akifungua mlango wa chumba chake, jua limeshazama. Kesho yake akitaka kuiona ngome ya Fort Jesus, anarudi mjini pamoja na msafara wa asubuhi wa watu wale wale waendao kazini, kisha jioni anatoka nao tena.

Anayelala kisiwani hukwenda kinyume cha msongamano. Asubuhi magari yamebanana yakiingia mjini, yeye anatoka kwenda Bamburi. Jioni yamebanana yakitoka, yeye anarudi. Matatu za Mtwapa zinapita njia hiyo kutwa nzima, na tuktuk zipo kila kona. Kwa mtu mwenye siku mbili, tofauti hiyo ni saa kadhaa za mchana, nazo ndizo alizozifuata.

Upande wa kusini una hesabu yake. Mlango wa bahari wa Likoni una upana wa nusu kilomita tu, lakini feri zake huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku. Waendao kwa miguu hawalipi, magari hulipa, na foleni ya magari haina ahadi. Siku nyingine ni dakika chache, siku nyingine mtu anazima injini, anateremsha vioo na kununua korosho huku akingoja. Barabara ya Dongo Kundu imepunguza adha hiyo, kwa sababu sasa gari linaweza kutoka Miritini hadi Kwale bila kugusa Likoni. Diani ina mchanga ambao wengi wanaukubali kuwa bora kuliko wote wa pwani ya Kenya, na anayeutaka aende huko moja kwa moja, ikiwezekana kwa ndege hadi Ukunda, akae huko huko. Asilale Diani huku amepanga kuzunguka Mombasa.

Liko jambo la pili ambalo picha za hoteli hazisemi, nalo ni maji yenyewe.

Bahari ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, halafu hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hayaendi mbali yanapopwa. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mvuvi wa Bamburi hahitaji jedwali, anatazama mwezi. Mgeni anaweza kuangalia simu yake kabla ya kukata tiketi, na wachache sana hufanya hivyo.

Anayefika siku za bamvua akaamka, akanywa chai na kushuka ufukweni saa nne, haikuti ile bahari ya kwenye tangazo. Maji yamerudi nyuma kuelekea mwambani. Yaliyobaki yanamfika magotini, yamejaa majani ya baharini na mawe, na chini kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia unyayoni. Vijana wa ufukweni humwalika atembee hadi mwambani akaone nyota za bahari. Matembezi hayo hupendeza, lakini kukanyaga matumbawe huyaua, na sehemu ya bahari hiyo imo ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1986. Heri apande mashua ya sakafu ya kioo na kuyaona bila kuyagusa.

Kwa hiyo hata aliyelipia chumba kinachotazama bahari huogelea kwa saa chache tu kwa siku. Msimu wa kusi, kati ya Mei na Septemba, upepo huchafua maji na kurundika mwani ufukweni, na saa hizo hupungua zaidi. Ikiwa bahari yenyewe ina saa zake, hakuna haja ya kuilipia usiku kucha. Afadhali mtu ajue maji yanajaa saa ngapi, aende wakati huo, aoge, ale samaki, arudi.

Wala mtu hahitaji kuwa mgeni wa hoteli ili kukanyaga mchanga. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya inaitaja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hoteli inaweza kumiliki bustani na viti vyake, ufukwe ulio mbele yake ni wa wananchi. Tatizo ni njia za kufikia ufukwe huo, ambazo kuta za majumba na mahoteli zimezibana mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, unaojulikana zaidi kwa jina la Pirates, hufurika watu Jumapili na sikukuu. Kuna maboya ya kukodi, ngamia, wauza mabuyu na wapiga picha, na watoto wa Kisauni huoga bega kwa bega na watoto wa Nakuru. Kelele zipo, lakini bahari ni ile ile.

Kinachomlipa zaidi aliyelala kisiwani ni zile saa ambazo ufukwe una giza. Usiku, ukanda wa mahoteli hauna mengi ya kumpa mgeni nje ya lango: mlinzi, barabara ya Malindi yenye magari ya kasi, na chakula ambacho ameshakilipia ndani ya bei ya chumba, hata akitamani kingine. Kisiwani, jioni ndiyo mji unaanza kupumua. Watu huelekea Mama Ngina, bustani ya baharini iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, na huko, wakiwa chini ya mibuyu mikongwe, huona meli za shehena zikipita karibu mno kuingia bandari ya Kilindini. Muuzaji huchana muhogo uliokaangwa, akamimina pilipili na kukamua ndimu juu yake, akaukabidhi kwenye kipande cha karatasi ukiwa bado unaunguza vidole. Ndani ya Mji wa Kale kuna viazi karai, bhajia na mishkaki, na muuza kahawa mwenye dele la shaba lililokaa juu ya makaa. Anagonganisha vikombe vyake vidogo visivyo na mikono, na watu wa barazani wanajua amefika bila kugeuka. Kahawa yake ni chungu, na huenda na kashata.

Alfajiri nayo ina thamani yake. Baada ya adhana, mahamri huanza kuibuka kwenye mafuta, mbaazi za nazi ziko tayari, na barabara ya Ndia Kuu bado ina kivuli. Saa hiyo ndiyo ya kutazama milango ya nakshi na roshani za mbao, na kuupita msikiti wa Mandhry wa karne ya 16 bila kusukumana na tuktuk. Fort Jesus hufunguliwa saa mbili. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, Waomani wakaizingira kuanzia mwaka 1696 hadi walipoitwaa mwaka 1698, na UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Anayelala mtaa wa pili huingia ngomeni wakati kuta bado ni baridi. Anayetoka Shanzu mara nyingi hufika karibu na saa sita, juani, mtoto analia, mwongozaji anaharakishwa.

Wako ambao ushauri huu hauwafai, nao waambiwe wazi. Wenye watoto wadogo, wanaohitaji bwawa na uwanja wa kukimbilia, wachague Nyali, upande ulio karibu na daraja, wasiende mbele zaidi. Wazee wenye maumivu ya magoti watasumbuliwa na ngazi, kwa sababu nyumba nyingi za Mji wa Kale ni nyembamba na ndefu, na ngazi zake zimesimama. Anayetaka pombe na muziki usiku ajue kwamba mtaa huu ni wa Waislamu, una stara yake, na nyumba nyingi za wageni hazina baa. Joto la kati ya Januari na Machi ni kali kisiwani, hata ndani ya kuta nene za mawe ya matumbawe.

Hata anayefaa kulala huko ana ya kuuliza kabla ya kutuma pesa. Chumba kiko ghorofa ya ngapi? Kina feni tu au kina kiyoyozi, na umeme ukikatika kuna nini? Maji yanatoka wapi? Swali hili si dogo, kwani maji ya mfereji Mombasa hayatoshelezi, na nyumba nyingi hutegemea visima vyenye chumvi na mitungi inayosukumwa kwa mkokoteni. Mwenye nyumba makini hujibu mara moja: tangi ni la lita ngapi, na hujazwa lini.

Na wanaouza malazi nao wana wajibu. Tangazo linalosema "Mombasa" kwa nyumba iliyo Mtwapa au Diani humnyima mnunuzi habari anayoihitaji kuliko zote. Mstari mmoja ungetosha: kisiwani, kaskazini ya daraja, au kusini ya feri. Kaunti nayo ikiweka mabango kwenye kila njia ya umma ya kufikia ufukwe, na kuzifungua zile zilizozibwa, wageni wengi zaidi wataweza kulala mjini bila kuhisi wameikosa bahari.

Mji wa Kale utafaidika pia. Ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, lakini tangazo halipaki chokaa ukuta wala halibadilishi boriti iliyooza. Kutengeneza nyumba ya matumbawe kwa njia ya asili ni ghali, na mwenye nyumba asiye na kipato hushawishika kubomoa na kusimamisha ghorofa la saruji. Nyumba yenye wageni wanaolipa ina sababu ya kuendelea kusimama, na pesa hizo hufika kwa muuza mahamri na fundi seremala wa mtaa ule ule.

Siku ya kuondoka, hesabu hurudi pale pale. Abiria wa treni hutakiwa Miritini mapema, kwa kuwa mizigo hupangwa mstari chini ikanuswa na mbwa wa polisi kabla ya mtu kuruhusiwa kuingia. Aliyelala Shanzu na ana treni ya asubuhi lazima aondoke gizani, avuke Nyali, aukate mji, avuke Makupa. Aliyelala kisiwani ana Makupa peke yake mbele yake, na hata huo mwendo wa asubuhi unampa nafasi ya kununua mahamri ya njiani kwa ajili ya safari ya kurudi Nairobi.