Manjano Pekee Hayaungi Mshipa wa Fahamu

Ajali za barabarani zinaendelea kuwalemaza vijana wetu, hasa waendeshaji wa bodaboda na abiria wao. Miongoni mwa majeraha ambayo umma huyasahau upesi ni kukatika kwa mishipa ya fahamu. Mfupa uliovunjika huunga, lakini mshipa wa fahamu ukikatika begani, mkono waweza kubaki ukining'inia hata baada ya kidonda kupona.

Si kwamba mshipa huo hauoti tena. Huota, ila kwa mwendo wa takriban milimita moja kwa siku. Walimu na waifanye hesabu hii darasani: kutoka begani hadi vidoleni ni kama milimita 700, yaani safari ya karibu miaka miwili. Misuli ya kiganja haina subira hiyo. Ikikosa fahamu kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu, hunyauka kiasi cha kutofufuka.

Pengo likiwa pana, madaktari wa upasuaji hukata kipande cha mshipa wa mguuni na kukipandikiza mkononi. Mgonjwa hutibiwa huku akipoteza hisia katika sehemu ya mguu. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta njia nyingine. Kwa nguvu za umeme, wao huvuta kiowevu cha polima kikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele mara mia na zaidi. Nyuzi hizo zikilazwa upande mmoja huwa kiunzi cha kuuongoza mshipa unaoota, mfano wa kitalu kinachouongoza mtambaazi. Ndani yake hutiwa viini vya mimea, kama vile kurukumini itokayo katika manjano, ili kupunguza uvimbe na kuzilinda seli.

Hapa pana onyo. Kurukumini haiyeyuki vizuri katika maji, na ikimezwa, ini huivunja upesi kabla haijafika mbali mwilini. Hiyo ndiyo sababu ya kuifungia ndani ya uzi, ili itoke kidogo kidogo pale pale penye jeraha. Tena, sehemu kubwa ya majaribio hayo imefanyiwa panya; bado haijawa tiba ya kawaida hospitalini. Kwa hiyo, anayemwambia kijana aliyelemaa anywe manjano badala ya kumwona daktari anampotezea ile miezi michache ambayo misuli yake ingali hai.

Hata hivyo, kuonya si kudharau mimea yetu. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. India ilipinga, ikaleta maandishi yake ya kale na ya kisasa kuthibitisha kwamba jambo hilo lilijulikana tangu zamani. Mwaka 1997 hataza hiyo ilibatilishwa. India haikushinda kwa kulalamika, bali kwa kuonyesha kilichoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Lakini ni vigumu kutetea kisichoandikwa wala kupimwa. Wazee wanaoijua mizizi na magome ya misitu yetu wanazeeka, na wanafunzi wetu wengi hukariri majina ya mimea ya vitabuni wasiijue iliyo nyuma ya darasa lao.

Yafaa basi walimu wa bayolojia, kemia na fizikia walifundishe somo hili kwa pamoja: jani lichunwe, kiini chake kitengwe, kipimo chake kiandikwe, na dai lake lijaribiwe. Serikali nayo haina budi kuzipa shule maabara zinazostahili jina hilo. Mmea ni mwanzo tu wa dawa. Kinachobaki ni kazi, na kazi hiyo tusiwaachie wengine.