Daftari la Wiki: Jasho la Kungfu Machoni pa Wamagharibi

Daftari la wiki hii nimeliachia jambo moja tu. Ukiuliza kwa nini watu wa Marekani na Ulaya wanazipenda filamu za kungfu za Wachina, jibu la kwanza utakalopewa ni ugeni: mahekalu yenye ukungu, watawa walionyoa vichwa, mzee wa ndevu nyeupe anayesema kwa mafumbo. Mzungu, wanadai, amechoshwa na viwanda vyake, anakwenda sinema kutafuta hekima ya Mashariki. Jibu hili limezoeleka mno, na kwa maoni yangu linaukwepa ukweli. Katikati ya Mei 1973, jarida la Variety lilichapisha orodha ya filamu zinazoongoza kwa mapato Marekani, na nafasi tatu za juu zote zilishikwa na filamu za Hong Kong: The Big Boss ya Bruce Lee, iliyouzwa huko kwa jina la Fists of Fury; nyingine ya Angela Mao; na Five Fingers of Death ya studio ya Shaw Brothers, iliyoongozwa na Mkorea Jeong Chang-hwa. Enter the Dragon, ambayo wengi hudhani ndiyo iliyofungua mlango, ilikuwa bado. Ilitoka Agosti, mwezi mmoja baada ya Lee kufariki.

Tazama basi kilichomo ndani ya The Big Boss. Hakuna hekalu la Shaolin wala mzee wa mafumbo. Kuna kiwanda cha barafu nchini Thailand, vibarua wa Kichina, na tajiri anayeficha dawa za kulevya ndani ya mapande ya barafu. Anayeigundua siri anauawa. Shujaa ni kijana aliyemwahidi mama yake kwamba hatapigana tena, na kidani kilichomo shingoni mwake kinamkumbusha ahadi hiyo. Kwa muda mrefu anawatazama wenzake wakipigwa naye amejizuia, mpaka kidani kinapokatwa na ngumi zake zinafunguka. Walioijaza sinema kuitazama hadithi hiyo walikuwa kwa wingi vijana wa katikati ya miji mikubwa, Wamarekani weusi na Wapuerto Rico, katika kumbi za bei nafuu kama zile za Mtaa wa 42 jijini New York. Katika Fist of Fury, filamu nyingine yenye jina linalokaribiana, Lee anafika kwenye lango la bustani ya Shanghai lenye kibao kinachowakataza mbwa na Wachina kuingia, na anakipasua kwa teke akiwa hewani. Mtazamaji mweusi wa Marekani hakuhitaji kufafanuliwa kibao kile. Sheria iliyopiga marufuku ubaguzi katika hoteli, migahawa na kumbi za nchi yake ilikuwa ya mwaka 1964, na alivikumbuka vibao vya kwao.

Hata hivyo, hadithi ya mnyonge anayelipiza kisasi ipo katika sinema za kila taifa. Kilichokuwa kigeni kweli ni namna mwili ulivyoonyeshwa. Katika filamu nyingi za Marekani za miaka ile, ugomvi ulikuwa ngumi moja nzito, meza iliyovunjika, kisha picha inakatwa ili mtu wa kuigizia sehemu za hatari aingie badala ya nyota. Waongozaji wa Hong Kong walirudisha kamera nyuma, wakamwacha mpiganaji aonekane kuanzia utosini hadi unyayoni. Mtaalamu wa sinema David Bordwell, katika kitabu chake Planet Hong Kong cha mwaka 2000, ameeleza mdundo wa mapigano hayo: utulivu, mlipuko wa vitendo, kisha utulivu tena. Ule utulivu wa nukta moja, mguu ukiwa bado juu, ndio unaompa mtazamaji nafasi ya kuona teke limetoka wapi na limefika wapi. Mdundo huu unafanana sana na ule wa opera ya Beijing, ambako mwigizaji hukaza mwili kila anapomaliza tendo, na haishangazi: Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa tangu utotoni katika shule ya opera ya Hong Kong iliyoendeshwa na Yu Jim-yuen. Mwili uliofunzwa hivyo hauhitaji mkalimani. Na Wamagharibi nao waliwahi kuwa na sinema ya namna hii, katika vichekesho visivyo na sauti vya Buster Keaton na Harold Lloyd, kisha wakaiacha. Chan alipoanguka kutoka mnara wa saa katika Project A ya mwaka 1983, alikuwa akimwenzi Lloyd waziwazi. Kwa hiyo sehemu ya kile kilichoitwa ugeni ilikuwa mali ya Wamagharibi wenyewe, iliyorudi mikononi mwao kupitia Hong Kong.

Pili, mbali na kuuonyesha mwili, filamu hizi zinaonyesha nguvu inavyopatikana. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Lau Kar-leung, ambaye mwenyewe alitoka katika ukoo wa walimu wa kungfu. Gordon Liu anacheza kijana San Te, anayekimbilia hekaluni baada ya watu wake kuuawa na utawala wa Wamanchu. Hapewi upanga. Anapewa ndoo za maji azibebe huku amenyoosha mikono, na visu vimefungwa mikononi mwake, ncha zikielekea mbavuni: mkono ukishuka kwa uchovu, kisu kinachoma. Akitaka kula, lazima kwanza avuke maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea, na siku za mwanzo anaingia chumba cha chakula akiwa amelowa. Sehemu kubwa ya katikati ya filamu ni mazoezi haya tu. Kanuni za hadithi zingesema watazamaji watachoka. Lakini hayo ndiyo waliyoyashika zaidi. Vijana wa Staten Island waliounda kundi la rap la Wu-Tang Clan waliiita albamu yao ya kwanza ya mwaka 1993 kwa jina la vyumba hivyo 36, na kiongozi wao RZA hajaacha kuisifu filamu hiyo.

Mtu anaweza kunipinga kwa kunionyesha Crouching Tiger, Hidden Dragon. Filamu hiyo ya Ang Lee ya mwaka 2000 iligharimu dola milioni 17 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 120 Marekani pekee, na ndani yake watu wanapaa juu ya mapaa na kuelea kwenye vilele vya mianzi kwa msaada wa waya. Jasho liko wapi hapo? Pingamizi ni zito, na nakubali kwamba picha za mianzi ziliuza tiketi. Lakini rudi kwenye pambano la Michelle Yeoh na Zhang Ziyi katika ua wa mazoezi. Yeoh anabadilisha silaha moja baada ya nyingine, anajaribu kunyanyua moja inayomshinda uzito, anahema, na upanga wa binti yule unavikata vyuma vyake. Waya zinambeba mtu, hazimfundishi kutua. Mpangaji wa mapigano hayo, Yuen Woo-ping, ndiye aliyekuwa amewafunza waigizaji wa The Matrix kwa miezi kadhaa kabla ya kamera kuwashwa.

Kwa wanaosema ni kiu ya ukatili tu, jibu langu ni fupi: Hollywood haikuwahi kukosa bastola. Na wale waliocheka sauti za Kiingereza zisizolingana na midomo walicheka kweli, lakini hawakuacha kununua tiketi.

Ugeni kama bidhaa upo, sikatai, na umeumiza watu. Tamthilia ya televisheni Kung Fu, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1972, ilihusu mtawa mwenye damu ya Kichina, na nafasi hiyo akapewa mzungu, David Carradine. Hapo ndipo palipouzwa mafumbo na ukungu. Bruce Lee alirudi Hong Kong kutafuta kazi ambayo Hollywood haikutaka kumpa. Upande wetu pia, kumbi za sinema za Dar es Salaam na Zanzibar zilijaa kwa ajili yake, na sidhani kuna atakayesema watu wa Kariakoo walifuata falsafa ya Kibudha.

Kinachonikera ni kwamba wanaofanya kazi hii ya mapigano wameheshimiwa kwa kila namna isipokuwa kwa kazi yenyewe. Crouching Tiger ilipata Oscar nne: ya filamu ya lugha ya kigeni, ya upigaji picha, ya mandhari na ya muziki. Yuen Woo-ping hakuwa na tuzo ya kushindania. Mwaka 2023 Yeoh alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa kucheza mwenye duka la kufulia nguo anayepigana, na ilikuwa haki yake. Tuzo ya wanaobuni vitendo vya hatari na mapigano ilikubaliwa mwaka 2025 tu, na itatolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2028, kwa filamu za 2027. Ukihesabu tangu ule Mei 1973, watoaji wa Oscar watakuwa wamechelewa miaka 55.