Damu ikikimbilia kichwani

Leo stori za mapenzi weka pembeni. Juzi nilimsindikiza dada'ngu kliniki, mimba ya wiki 33, shemeji yuko safari. Nesi akapima tumbo kwa futikamba, akaguna. Mbona dogo? Tukapelekwa altrasaundi ya Dopla.

Kwa taarifa yako, hilo ni jina la mtu, Christian Doppler wa Austria, aliyeeleza mwaka 1842 kwamba wimbi hubadilika chanzo chake kikisogea. Simama kituoni uone: daladala ikija honi inalia nyembamba, ikishakupita inakuwa nzito. Mashine nayo inatuma mawimbi ya sauti tumboni, yanagonga chembechembe za damu zinazokimbia, yanarudi yamebadilika, na kompyuta inapiga hesabu ya kasi. Hakuna mionzi wala sindano.

Daktari akaangalia mshipa wa kitovu, halafu mshipa mmoja wa kwenye ubongo wa mtoto. Kwenye kioo ikaja milima na mabonde: mlima moyo ukisukuma, bonde moyo ukipumzika. Akasema kichwani damu inapita kwa wingi hata moyo ukipumzika. Mimi mjanja wa mjini nikachekelea. Dada, mpwa wangu atakuwa profesa huyo!

Daktari hakucheka. Kumbe mtoto akiwa salama, mishipa ya ubongo inabana kiasi na mabonde yanakaa chini. Kondo la nyuma likishindwa kuleta hewa na chakula cha kutosha, mtoto anafanya kama mama mwenye unga kidogo, anaamua nani ale kwanza. Mishipa ya ubongo inafunguka, figo na utumbo vinapunguziwa. Hata yale maji yanayomzunguka mtoto, ambayo mengi ni mkojo wake mwenyewe, ya dada yalikuwa yameshapungua. Jamani, hajazaliwa na tayari anajibana!

Dada kalazwa. Kapigwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, endapo itabidi atolewe mapema. Kichwa peke yake hakiamui, wanaangalia na kitovu na mapigo ya moyo. Kila siku anayoongeza tumboni ni faida, ila isije ikawa siku moja zaidi ya anayoweza kuvumilia.

Shemeji kafika jana usiku, begi mkononi, akaniuliza mtoto anaendeleaje. Nikamchorea milima na mabonde nyuma ya tiketi yake ya basi. Kesho saa mbili asubuhi wanapima tena.